Babu alifanya kazi na skwadroni ya 30 pale Eastleigh. Je, alisaidia kupiga Mau Mau mabomu?

"Salamu mwalimu. Niko Nakuru, Free Area. Babu yetu alitoka Vihiga akaenda Nairobi, akaandikwa kazi kwa kambi ya ndege ya Waingereza Eastleigh toka 1960 mpaka 1964, skwadroni namba 30. Alituachia beji ya chuma, juu iko na taji, katikati mti kama mnazi, na namba 30 kwa kirumi. Nyanya yetu ni Mkikuyu wa Bahati na kaka zake wawili waliingia msituni hawakurudi. Sasa shangazi amesoma kwa simu ati hio skwadroni ilikuwa ya mabomu, ilichoma vijiji vya Iraq, ikapigana Ugiriki na Burma, na amesema beji itupwe kwa choo juu babu alisaidia kuua wajomba zake. Babu alikuwa akisema kazi yake ni magunia tu, wanajaza mahindi nusu gunia, wanaliingiza ndani ya gunia ingine, halafu ndege inaenda kuyatupa kutoka juu. Mjomba anacheka, anasema nani anajaza gunia nusu. Pia kuna jamaa anataka elfu 15 atufuatilie malipo ya babu huko Uingereza. Tuamini nani?"

Mwanangu, pole kwanza kwa hayo mambo ya nyumbani, najua beji ndogo ya chuma inaweza gawanya watu kuliko shamba. Nitakujibu moja kwa moja halafu nieleze. Mabomu ya Mau Mau hapana, tarehe hazikubali hata ukizivuta aje. Magunia ndio, na hasa ile nusu gunia ambayo mjomba anaicheka, hio ndio imenifanya niamini mzee alikuwa pale na alishika kazi na mikono yake mwenyewe, juu mtu hawezi kuitunga. Na yule jamaa wa elfu 15 msimpe hata senti, tutamrudia mwishoni.

Lakini shangazi hajasoma uongo. Hapo ndio watu wengi wanapotea na sitaki umwendee ukimwambia "ulikosea." Alichosoma kuhusu Iraq na Burma ni kweli, na alichosema babu ni kweli, na vyote viwili vinahusu namba ile ile 30. Kitu ambacho hakuna mtu aliuliza hapo nyumbani ni mwaka gani.

Skwadroni ni nini? Wengi wetu tunafikiria ni ndege fulani na watu fulani. Mimi nimekuwa fundi wa ndege miaka 22 kabla nirudi hapa Kisumu kufuga kuku na kusoma historia, na hata mimi mwanzo nilidhani hivyo. Sivyo. Skwadroni ni jina. Ndege zinazeeka zinauzwa vyuma, rubani anakaa miaka miwili mitatu anahamishwa, kambi inafungwa, lakini ile namba, beji yake, bendera yake na kitabu chake cha kumbukumbu vinahama navyo. Usifananishe na namba ya matatu, juu namba ya matatu ni ya barabara, gari inabadilika lakini inaenda pale pale kila siku. Hapa ni kinyume, namba inabaki na barabara ndio inabadilika. Ukitaka mfano ulio karibu, angalia vile sisi tunarithisha majina. Mtoto anapewa jina la babu aliyefariki, anaitwa hilo jina, anaambiwa sifa za mwenye jina, lakini huwezi kumpeleka kortini kwa deni la ng'ombe la babu wa mwaka wa 1930. Sasa skwadroni ya 30 imezaliwa na kuzikwa na kuitwa tena mara kadhaa, na kila ikiitwa inapewa kazi ya wakati huo.

Kwa Waingereza hio hesabu ya umri ni kitu kikubwa sana. Skwadroni ikifikisha miaka 25 ya utumishi inaweza kupewa bendera na mfalme, huo utaratibu ulianza 1943, na pesa zikipungua wakiamua namba gani ife na gani ibaki wanaangalia nani ana miaka mingi zaidi. Ndio maana utakuta kikosi kipya kabisa chenye ndege mpya kinapewa namba nzee, na kwa karatasi kinaonekana kimepigana vita vya 1915. Shangazi akisoma hio orodha bila tarehe lazima aone jitu moja lililoishi miaka mia likiua watu kila mahali.

Twende sasa kwa historia yenyewe, nitapita haraka mahali hakuna haja.

Hii skwadroni haikuzaliwa Uingereza. Ilianzia Misri mwisho wa 1914, kulinda mfereji wa Suez, ikapewa namba 30 mwaka wa 1915 halafu ikapelekwa Mesopotamia, ambayo leo ni Iraq. Hata ule mti kwa beji si mnazi, mwambie mjomba, ni mtende, mti wa tende, na unatoka huko. Ndege zenyewe zilikuwa vijiti na kitambaa. Kazi yao ya kwanza ilikuwa macho tu, kupaa na kuangalia adui yuko wapi na kurudi kusema.

Halafu ikaja Kut. Huu ni mji kwenye mto Tigris, jeshi la Waingereza na Wahindi chini ya Jenerali Townshend lilizingirwa hapo na Waturuki kutoka Desemba 1915 mpaka 29 Aprili 1916, karibu miezi mitano. Chakula kikaisha, wakala farasi, wakala nyumbu. Hakuna barabara, mto umefungwa. Sasa mtu akasema, kwani hizi ndege hazibebi? Na kwa wiki mbili za mwisho za Aprili marubani wa skwadroni ya 30, pamoja na ndege za wanamaji, wakawa wanafunga mifuko ya unga na chakula ubavuni mwa ndege wanaenda kuangusha juu ya mji. Hata jiwe la kusagia nafaka lilishushwa na parachuti, hebu fikiria jiwe la kusagia linaelea angani. Mifuko mingine iliingia mtoni, mingine ikaangukia handaki za Waturuki wenyewe ambao sijui walishukuru aje. Haikutosha hata kidogo. Ndege za wakati huo zilibeba kilo chache kila safari na ndani kulikuwa na maelfu ya watu wanakula, kwa hivyo Kut ilianguka na watu karibu 13,000 wakachukuliwa mateka. Lakini wanaosoma historia ya ndege wanahesabu hio ndio mara ya kwanza jeshi lilijaribu kulisha watu waliozingirwa kutoka angani. Shika hio kwa akili, juu itarudi kwa babu yako.

Baada ya vita, hapo ndio shangazi ako na haki. Miaka ya 1920 Uingereza haikuwa na pesa ya kuweka majeshi makubwa ya miguu Iraq, mwaka wa 1921 wakakutana Cairo wakaamua ulinzi wa nchi uachiwe jeshi la ndege, na kuanzia Oktoba 1922 RAF, yaani jeshi la anga la Uingereza, ndio ilikuwa mkubwa huko. Maana yake ni rahisi na mbaya, kijiji kikikataa kulipa kodi au shehe akiasi, ndege inatupa makaratasi ya onyo halafu inarudi na mabomu. Skwadroni ya 30 ilikuwa mojawapo ya zile zilizofanya hio kazi, hasa kaskazini kwa Wakurdi waliomfuata Sheikh Mahmud. Sitakupaka sukari hapo. Wakubwa waliiona bei rahisi, na kwa kitabu cha mhasibu ilikuwa bei rahisi kweli.

Vita vya pili vya dunia nitavipita mbio. Mwaka wa 1940 wana ndege za Blenheim, zilizotengenezwa za kupiga mabomu lakini zingine wakaziongezea bunduki tumboni zikafanya kazi ya kukimbizana na ndege za adui, na Novemba wakatumwa Ugiriki. Mei 1941 wako Krete, uwanja wa Maleme, Wajerumani wanashuka na parachuti kama kumbikumbi baada ya mvua, na mafundi wa skwadroni, watu wa spana kama mimi, wakachukua bunduki wakapigana chini na wengi wakashikwa. Wakapewa Hurricane, ndege ya kivita ya kiti kimoja. Machi 1942 wakapelekwa Ceylon, ile Sri Lanka ya leo, na Pasaka ya tarehe 5 Aprili Wajapani wakaja Colombo na rada haikuwaona, marubani wakawa wanakimbilia ndege wakati adui tayari yuko juu ya kichwa. Mwaka huo huo vijana wetu wa KAR, lile jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, walikuwa Ceylon pia. Wale wazee wa huku kwetu waliokuwa wakiimba habari za Bama, yaani Burma, wengine walipitia hapo, na 1944 skwadroni ya 30 nayo ikaenda Burma, ikabadilishiwa ndege ya Kimarekani ya Thunderbolt, kazi ni kupiga Wajapani walio mbele ya askari wa miguu. Kwa hivyo kama una babu mwingine alienda Bama, inawezekana hio namba 30 ilipita juu yake ikimsaidia. Historia haina adabu, inachanganya watu.

Mwisho wa 1947 namba ikaitwa tena, safari hii Uingereza kwenyewe, ambako ilikuwa haijawahi kukaa toka izaliwe. Na ikapewa ndege ya mizigo, Dakota. Hapo ndio barabara yake ilikata kona na haikurudi tena. Toka mwaka huo mpaka leo skwadroni ya 30 imekuwa ya kubeba. Wakati Warusi walifunga barabara za Berlin 1948, ilikuwa kati ya zile zilizolisha mji kwa ndege, na safari hii tofauti na Kut ikafaulu, juu sasa kulikuwa na ndege kubwa mamia na viwanja vya kutua.

Sasa Mau Mau. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Mabomu yalianza 1953, kwanza na Harvard, ndege ndogo za kufundishia marubani zilizofungwa mabomu madogo, kikosi chao kiliitwa 1340 Flight. Halafu kutoka Novemba 1953 zikaletwa Lincoln, hizo ni dubwana za injini nne zilizobeba mabomu ya ratili 500 na 1,000, skwadroni tofauti zikipokezana, zikitoka hapo hapo Eastleigh kwenda Nyandarua na mlima Kenya. Zikapiga mpaka katikati ya 1955. Kama kaka za nyanya walikuwa msituni miaka hio, walisikia hizo Lincoln, na sijui kama kuna neno la kufariji hapo.

Skwadroni ya 30 miaka hio ilikuwa wapi? Uingereza, inasafirisha abiria na mizigo na ndege inaitwa Valetta. Ilifika Eastleigh Novemba 1959. Hali ya hatari ikaondolewa Januari 1960. Kwa hivyo ukitaka kuwa mkali sana utasema ziligusana miezi miwili kwa kalenda, lakini mabomu ya mwisho yalikuwa yameanguka zaidi ya miaka minne kabla, na ndege walizokuja nazo hazikuwa za kutupa mabomu. Na babu aliandikwa 1960.

Hizo ndege ndio nataka kukaa nazo kidogo, zinaitwa Beverley, za kampuni ya Blackburn. Waliozijua wanasema ukiiona mara ya kwanza unacheka halafu unanyamaza. Nene kama ghala la nafaka ya serikali, mabawa mita 49 kutoka ncha hadi ncha, injini nne za pangaboi, na magurudumu hayaingii ndani, yananing'inia hivyo hivyo njia yote kama miguu ya korongo. Mwendo wake wa safari haufiki hata kilomita 300 kwa saa. Ilipendwa kwa sababu mbili tu, inameza mzigo mkubwa, na inaweza kutua kwa kiwanja kifupi cha murram. Ikiwa pwani inabeba kama tani 20, hio ni zaidi ya magunia 200 ya kilo 90. Eastleigh iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, injini inapumua kidogo na bawa linashika kidogo, kwa hivyo mchana jua likiwaka unapunguza mzigo ama huondoki. Watu wa Nakuru mnajua, hata maji yanachemka mapema huko kwenu.

Sasa mwaka wa 1961. Kwanza kulikuwa na ukame mbaya. Halafu kuanzia Oktoba mvua ikashuka ambayo wazee wanaikumbuka kama mvua ya uhuru. Hapa Kisumu hio mvua ndio ilianza kuinua ziwa, kufika 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2, mama yangu alikuwa akituonyesha huko Kano mahali palikuwa na boma la watu na sasa ni mafunjo. Lakini kule mashariki, mto Tana ulifurika mpaka barabara zikakatika, watu wakabaki kwa visiwa vya matope bila chakula na lori haliwezi kufika. Beverley za skwadroni ya 30 zikapewa kazi ya kuwatupia chakula, Waingereza waliuita mpango wa mafuriko ya Tana. Umeona sasa? Kut 1916, Tana 1961. Namba ile ile, kazi ile ile, miaka 45 katikati, na safari hii hakukuwa na mtu anapiga risasi kutoka chini.

Na hio nusu gunia. Mjomba aje asome hapa pole pole.

Chukua gunia la mahindi lililojaa likashonwa mdomo, lile tumezoea kuona kwa lori, gumu kama jiwe. Liangushe kutoka mita 15, ambayo ni kimo cha ghorofa tano hivi. Linafika chini na kasi ya karibu kilomita 60 kwa saa ya kwenda chini peke yake, na bado liko na ile kasi ya mbele ya ndege, kwa hivyo linagonga, linaruka, linabingirika. Mahindi ndani hayana mahali pa kwenda. Nguvu yote inaenda kwa uzi wa mshono na gunia linapasuka kama puto, mahindi yanatawanyika kwa matope na hakuna mtu ataokota. Sasa jaza nusu. Likigonga, mahindi yanasambaa ndani, gunia linakuwa bapa kama chapati, nguvu inagawanyika. Hata hivyo linaweza kupasuka, ndio maana unaliingiza ndani ya gunia ingine kubwa, la ndani likitoboka la nje linashika. Wakati mwingine wanaweka hata matatu. Hii mbinu ya kuangusha bila parachuti imetumika sehemu nyingi duniani, na miaka ya 1980 wakati wa njaa ya Ethiopia ndege za Hercules ziliangusha nafaka namna hio hio zikiruka chini chini kabisa.

Kwa nini wasitumie parachuti? Ni ghali, kila moja inakunjwa na mtu aliyefunzwa, na upepo unaibeba, na mahali kuna maji pande zote ukikosa kisiwa kwa mita 100 umelisha mamba.

Kwa hivyo kulikuwa na haja ya watu wengi kule Eastleigh wa kushinda ghalani wakigawa mahindi, kushona, kuingiza gunia ndani ya gunia, kupanga mzigo ili uzito ukae katikati ya ndege. Juu angani ni askari wa Uingereza waliojifunga kamba ndio walisukuma, lakini huku chini ni mikono ya watu kama babu. Na kitu kimoja kama uko na mtu aliyemsikia zaidi akikumbuka: hii Beverley milango yake mikubwa ya nyuma haikuweza kufunguliwa ikiwa hewani. Kama inaenda kutupa mizigo ilikuwa inatolewa kabisa ikiwa chini, ndege inapaa mgongo wazi kama pikap. Kama mzee aliwahi kusema ndege "iliondoka bila milango" na mkamcheka pia, mnadaiwa radhi mara mbili.

Mjomba atauliza mbona babu alijua kazi za kijeshi ambazo hazikuwa magunia, juu lazima kuna hadithi zingine. Hio ni kawaida. Pale Eastleigh skwadroni ya 30 haikuwa peke yake, kulikuwa na Twin Pioneer ndogo za skwadroni ya 21, na kwa muda kulikuwa na Hunter za jeti za 208, na watu wa kazi walizungukazunguka. Julai 1961 pia Beverley zilitumika wakati Uingereza ilikimbiza askari Kuwait baada ya Iraq kuitishia, na baadhi ya hao askari walitolewa hapa Kenya. Ilikuwa ndege ya jeshi la mkoloni, ilibeba chakula leo na bunduki kesho. Kwa hivyo sitamwambia shangazi kwamba babu alifanyia kazi shirika la msaada. Alifanyia mkoloni kazi ya mshahara, kama karani wa reli, kama mpishi wa mzungu Naivasha, kama wazee wengi sana waliolea familia zetu. Uchungu wa nyanya kwa kaka zake ni wake na hauhitaji beji ndio uwe wa kweli. Ninachoweza kusema kama mtu wa hii kazi ni kwamba hao wawili hawakuuawa na skwadroni ya 30.

Mwishoni mwa 1964 Waingereza walitakiwa wawe wameondoka. Nyinyi wa Nakuru mnajua Januari ya mwaka huo vijana wa Kenya Rifles pale Lanet waliasi na ni askari wa Uingereza waliitwa kutuliza, hali ilikuwa hio, nchi huru lakini mlinzi ni yule yule. Skwadroni ikahamia Bahrain na mwaka wa kazi ya babu kuisha unalingana na hapo vizuri sana. 1967 namba ikalazwa, mwaka uliofuata ikaamshwa na Hercules, na leo inarusha A400M, ndege ya mizigo pia, kutoka kambi ya Brize Norton huko Uingereza. Kambi ya Eastleigh ikawa yetu, ndio Moi Air Base. Na kama unafikiri kuvunja na kuita tena ni mambo ya wazungu, kumbuka jeshi letu wenyewe la anga lilivunjwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 likaitwa 82 Air Force miaka mingi kabla jina lirudi. Ndege zilikuwa zile zile.

Sasa beji. Mimi sijaiona na siwezi kuapa kwa maelezo ya simu, juu beji za skwadroni zilitengenezwa pia za kuuza na za kupeana zawadi. Lakini kuna kitu unaweza kuangalia mwenyewe leo. Tazama lile taji juu. Kama matao yake yameinuka mviringo kama kikapu kilichofunikwa, hio ni taji ya wafalme wa kabla ya malkia Elizabeth, kwa hivyo beji ni ya zamani kuliko babu Eastleigh, labda alipewa na mzungu. Kama juu katikati limezama kidogo, kama mgongo wa punda, ni taji ya wakati wa malkia, kuanzia miaka ya mwanzo ya 1950, na hio inalingana na miaka ya mzee. Chini kuna maneno ya Kifaransa, *Ventre à terre*, maana yake tumbo chini kwa ardhi, vile farasi anakimbia mpaka tumbo linakaribia kugusa mchanga. Yaani mbio za mwisho wa nguvu. Kwa ndege yenye mwendo wa Beverley hio ni mzaha mzuri. Tafadhali msiisugue na ndimu wala steel wool, ule weusi ndio umri wake, panguseni na kitambaa kikavu tu.

Kuhusu karatasi, kuna njia mbili na zote ziko na mipaka. Kitabu cha kumbukumbu cha skwadroni kiko kwa hifadhi ya taifa ya Uingereza pale Kew, London, kwa kundi la mafaili linaitwa AIR 27. Kinaonyesha mwezi kwa mwezi ndege gani ilienda wapi na rubani nani. Ukiwa na ndugu huko anaweza kwenda mwenyewe akasoma bure. Lakini usitarajie jina la babu, wafanyakazi wa kiraia wa Kiafrika hawakuandikwa humo, utapata safari za magunia bila waliojaza magunia. Njia ya pili ni hapa nyumbani: tafuteni kwa sanduku la mzee barua ya kazi, kadi ya kuingilia kambini, cheti cha tabia njema alichopewa akiachishwa 1964, hata foto. Karatasi moja ya namna hio ina nguvu kuliko beji kumi. Ukikwama nenda kwa hifadhi ya nyaraka ya taifa pale Moi Avenue Nairobi na mwaka na jina kamili la mzee kama lilivyoandikwa zamani, si vile mnamwita sasa, na ukae na mtu wa dawati umweleze. Kwa simu hio haiwezekani, ni lazima mtu akufungulie faili ukiwa hapo.

Na yule wa elfu 15. Kwa miaka hii nimeona wengi wanapita vijijini huku magharibi na Bonde la Ufa na daftari, wanaandikisha familia za wazee wa vita na wazee wa kambi, wanachukua pesa ya faili, pesa ya muhuri, pesa ya mwanasheria wa London, halafu simu inazimwa. Familia yangu mwenyewe ilitoa mbuzi wawili hivyo. Babu yako alikuwa kibarua wa kiraia, alilipwa akaachishwa, na kama kulikuwa na haki yoyote ya pensheni itaonekana kwa hizo karatasi zake za kuachishwa, si kwa mkoba wa jamaa. Mkizipata na mkaona kuna neno pensheni ndani, zipelekeni kwa wakili mwenye ofisi inayojulikana hapo Nakuru, akae nazo mezani mbele yenu, na msiache karatasi ya asili kwa mtu. Kama huyo jamaa tayari amechukua kitambulisho cha nyanya ama picha yake, nendeni polisi wiki hii, msingoje.

Ukipata nafasi, muulize nyanya taratibu kaka zake waliingia msituni mwaka gani na upande gani, Nyandarua ama mlima, kama atataka kusema. Hio ni historia nyingine na inaweza kutafutwa pia. Na unitumie picha ya beji, mbele nataka kuona taji, nyuma nataka kuona kama imeshikwa na pini ama na vijicho viwili vya kushonea.